Sakafu ya Dainton

Mwaka lilipobomolewa kanisa dogo la Mtaa wa Navigation, Noreen Bloor alikuwa na miaka minane, na hakumbuki mtu yeyote aliyelililia. Lilikuwa limeinama. Kwa miaka mingi lilikuwa likielemea upande wa mfereji kidogo kidogo, hata waimbaji wa safu ya nyuma wakawa wanatia vitabu vya nyimbo chini ya miguu ya viti vyao ili wakae sawa. Mwishowe wazee wa kanisa wakafunga mlango na kuuza kiwanja. Baada ya miezi michache pakasimamishwa kibao kirefu cha rangi ya machungwa kikitangaza kwamba mji wa Cobshurst utapata supamaketi yake ya kwanza, na jina lake ni Dainton.

Kabla ya hapo watu wa mtaa ule walikula walichouziwa na majirani zao. Kila Jumamosi asubuhi mama yake Noreen, Rita, alimpa kikapu na kumtuma, na mtoto aliijua njia kwa pua. Kwanza ni kwa Bi Tams, mjane aliyepika chapati za maji za shayiri na kuziuza kupitia dirisha la sebule yake. Hakuwa na duka wala kibao. Aliinua kioo cha dirisha alfajiri, na mvuke ukitoka nje tu, wachimba makaa waliokuwa wakirudi kutoka kazini walipanga foleni na nyuso zao nyeusi. Noreen alipokea dazeni moja ndani ya karatasi nyeupe, na joto lake lilipenya kikapu likamfikia pajani.

Kisha alivuka barabara kwenda kwa Bwana Pegg, muuza vyakula. Huyu alikuwa mtu mfupi, mkapera, penseli sikioni, na duka lake lilinuka jibini, majani ya chai na mafuta ya taa kwa pamoja. Alikata jibini kwa waya, siagi aliipiga kwa vibao viwili vya mbao mpaka ikawa tofali, na biskuti zilizovunjika aliziweka kwenye bati lake maalumu kwa ajili ya watoto. Alijua nani anakohoa na nani kajifungua. Noreen alipofika kwenye mashine ya kukatia bekoni, Pegg alimwinamia kama anayemhudumia mke wa meya.

"Unene gani leo, bibie?"

"Namba tano, Bwana Pegg."

"Namba tano. Nyumbani kwenu mnajua kula."

Baba yake Noreen, Wilf, alikuwa mchimba makaa, kama baba yake na babu yake. Siku aliyokiona kile kibao cha machungwa alikisoma mara mbili, akavua kofia, akakuna kichwa. Jioni, mezani, alisema kwamba pale hapajengwi. Babu yake aliwahi kumsimulia juu ya mgodi mdogo uliochimbwa kutokea ukingo wa mfereji, enzi ambazo mwenye mgodi hakulazimishwa kuchora ramani. Tajiri yule alikula makaa yote, hata nguzo zilizoachwa kushikilia paa, kisha akafilisika na kwenda zake.

"Chini ya lile kanisa pana tundu kama jino bovu," Wilf alisema. "Juu zima, ndani hakuna kitu."

Rita alicheka na kumwuliza kama hao wahandisi wa Dainton wamesoma bure. Wilf aliendelea kula. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishasema jambo alidhani limesikika.

Dainton ilifunguliwa mwezi wa Oktoba. Noreen hakuwahi kuona mwanga wa namna ile, mweupe, usio na kivuli, ukimulika rafu ndefu za makopo yaliyopangwa kama askari. Mtu aliingia, akasukuma kitoroli, akachukua mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza unene. Kulikuwa na mafriza yenye vipande vya samaki vilivyokatwa kama vidole na aiskrimu ya rangi tatu, na muziki uliotoka darini. Noreen aliipenda Dainton kwa moyo wake wote, na baadaye jambo hilo lilimtesa sana, ijapokuwa alikuwa mtoto.

Mama yake aliipenda zaidi. Alipata kazi ya ukeshia, akapewa gauni la nailoni la manjano lenye jina lake kifuani. Miaka yote alikuwa mke wa Wilf na mama wa Noreen. Sasa wateja walimsoma kifuani na kumwita Rita, na alirudi nyumbani ametia rangi ya midomo, miguu imevimba, na hadithi za kutosha chakula chote cha jioni.

Maduka ya mtaani yakaanza kufa. Mwenye bucha alihamia kwa dada yake pwani. Muuza samaki alipachika karatasi mlangoni, na hakuonekana tena. Bwana Pegg alijikaza mpaka Februari, akiketi nyuma ya kaunta yake na paka, na wanawake waliopita na mifuko ya machungwa walivuka upande wa pili ili wasikutane na macho yake. Siku aliyofunga alimpa Noreen bati lote la biskuti. Rita, kwa huruma na pengine kwa haya, alikwenda kumwombea kazi kwa meneja. Hivyo ndivyo Bwana Pegg, aliyekuwa na duka lake kwa miaka thelathini na mmoja, alivyovishwa aproni ya manjano na kuwekwa nyuma kabisa ya Dainton, kwenye kona ya mboga, kuwapimia watu viazi.

Yeye ndiye aliyeona mwanzo.

Mizani yake haikutulia. Asubuhi aliisawazisha, mchana mshale umehama. Alitia kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja wa meza. Baada ya mwezi akatia cha pili. Kufikia kiangazi cha pili alikuwa amekunja boksi zima la ndizi na kulisokomeza pale. Alimwambia meneja, kijana mmoja mwenye tai aliyeletwa kutoka mbali, jina lake Lathbury. Lathbury alikuwa na adabu zake. Alipiga magoti, akatazama, akasema jengo jipya lazima likae, zege linatafuta mahali pake.

Ukutani, nyuma ya makopo ya pichi, ulitokea ufa mwembamba kama unywele. Wakauziba kwa plasta na kuupaka rangi. Baada ya wiki sita ulikuwa umefunguka tena, na safari hii ulipitisha sarafu. Maji ya friza yaliyomwagika hayakwenda kwenye tundu la sakafuni, yalikwenda ukutani na kupotea huko. Mlango wa ghala ukakataa kufunga. Wafanyakazi waliligeuza kuwa mzaha. Kopo likianguka na kuviringika hadi nyuma, walisema mzee anataka chai yake, wakimaanisha tajiri wa ule mgodi, kwa maana maneno ya Wilf yalikuwa yameshaenea na kugeuka kichekesho.

Noreen alijaribu kwa gololi. Aliiweka sakafuni karibu na mikate, akaiacha bila kuisukuma. Ilisimama kidogo kana kwamba inafikiri, kisha ikaanza kwenda, polepole, halafu kwa kasi, ikapita sabuni, ikapita mchele, ikaingia chini ya meza ya Bwana Pegg. Pegg aliiokota na kumrudishia. Hakutabasamu. Alimwambia asiupende sana upande huu wa duka, abaki kule mbele kwa mama yake.

Nyumba ya Bi Tams iligusana ukuta na Dainton. Siku moja ya Septemba Noreen alileta chapati nyumbani, na baba yake alipofungua karatasi aliziangalia muda mrefu. Zilikuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, zote kumi na mbili, upande uleule. Bi Tams alikuwa amepika chapati kwa miaka arobaini, na zilikuwa duara kama mwezi. Wilf alivaa koti akatoka. Aliporudi alisema uji wa unga unatiririka kwenye bamba la chuma wenyewe, na kwamba Bi Tams anahisi kitu chini ya kitanda chake nyakati za mchana anapolala. Si kishindo. Ni kama mtu anayesogeza samani katika chumba cha mbali.

Usiku ule wazazi wake waligombana. Noreen alisikia kupitia ukutani.

"Utaacha ile kazi, Rita."

"Niache nirudi kuosha soksi zako? We Wilf, nyumba za mji huu zote zimepinda. Hapa kwetu yai halikai mezani. Mbona hujasema tuhame?"

"Hapa najua kilicho chini. Nilikichimba mwenyewe. Pale sijui."

"Basi kama hujui, nyamaza."

Asubuhi Wilf alivaa koti. Alikwenda kwenye ofisi ya majengo ya mji, akaambiwa aandike barua, akaandika. Jibu lilikuja mwishoni mwa Oktoba likimshukuru na kusema kwamba hakuna ramani inayoonyesha mgodi mahali hapo. Alilikunja akalitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi, na siku zilizofuata Noreen alimwona mara kwa mara akiligusa kwa nje kama mtu mwenye maumivu ya ubavu.

Ijumaa ya pili ya Novemba 1969 mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mfereji ulijaa. Ilikuwa siku ya mshahara, na Noreen alipotoka shuleni saa kumi kasoro robo alikuta foleni za Dainton zimefika kwenye rafu za mikate. Alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, mahali alipozoea kusubiri. Madirisha yalikuwa yametanda ukungu wa pumzi. Muziki ulikuwa ukicheza. Kwanza alidhani ule mlio mwembamba ni sehemu ya muziki. Kisha wimbo ukaisha, na mlio ukaendelea. Chupa zilikuwa zikigongana. Hakuna aliyezigusa, na zote, rafu nzima ya siki na sharubati, zilikuwa zikigongana taratibu.

Aliona Bwana Pegg akija kutoka nyuma, akitembea haraka lakini bila kukimbia, kama alivyotembea zamani mteja alipoingia dukani mwake. Alimwendea Lathbury na kumwambia kitu sikioni. Lathbury alitikisa kichwa. Pegg akasema tena, kwa sauti sasa, kwamba ufa wa nyuma umepanuka kiasi cha kupitisha mkono na kwamba hewa baridi inatoka humo, hewa ya mgodini, anaijua harufu yake kutoka nguo za wachimbaji. Lathbury alijibu kwamba ni Ijumaa, hawezi kufukuza watu mia moja siku ya mshahara kwa sababu ya harufu, na kwamba ameandikia makao makuu mara tatu na ameambiwa asubiri. Uso wake ulikuwa na jasho. Noreen alielewa, kwa namna watoto wanavyoelewa, kwamba yule kijana naye alikuwa anaogopa, na alichokiogopa zaidi ni simu ya wakubwa wake.

Pegg alipanda juu ya kreti ya maziwa. Alipiga makofi mawili na kusema, akina mama, tunafunga, tafadhali tokeni, acheni vitu hapo mlipo. Watu waligeuka. Baadhi walicheka. Mwanamke mmoja alimwuliza kama amesahau kwamba duka si lake tena, na wengine wakacheka zaidi. Pegg alisimama pale juu na aproni yake ya manjano, akawa mwekundu mpaka masikioni, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwenye foleni.

Ndipo Rita alipozima mashine yake. Noreen alisimulia jambo hilo maisha yake yote kwa maneno yaleyale: mama alizima mashine. Aliifunga droo, akasimama, akamwangalia Pegg, kisha akawaangalia wanawake wa foleni yake, ambao aliwajua wote kwa majina.

"Bwana Pegg hajawahi kunidanganya hata kwenye mizani," alisema. "Mimi natoka. Anayetaka siagi yake abaki nayo."

Alimshika Noreen mkono. Keshia wa pili akasimama, kisha wa tatu, na bila mtu wa kupokea malipo foleni ikakosa maana. Watu walianza kusogea mlangoni wakinung'unika, wengine wamekumbatia mifuko. Lathbury mwenyewe ndiye aliyeshikilia mlango wazi, kwa sababu ulikuwa umekwama nusu na ulihitaji bega la mtu. Hawakukimbia mpaka dari ilipotoa mlio kama kitambaa kinachochanwa, na taa za nyuma zikazimika safu kwa safu.

Nje, kwenye mvua, ng'ambo ya barabara, Pegg alihesabu vichwa kama mwalimu. Kisha akasema jina la Bi Tams. Yule mama alilala mchana, na masikio yake yalikuwa mazito. Rita alimwambia ngoja wanaume wafike. Pegg alikuwa ameshavuka njia. Aligonga mlango, ukakataa kwa kuwa fremu ilikuwa imepinda, akakivunja kioo cha lile dirisha la sebule na kupita humo. Dakika moja, pengine mbili. Bi Tams alitokeza dirishani pekupeku, na shali mabegani, akisukumwa kwa nyuma. Wanawake wawili walimpokea na kumvuta nje. Noreen aliona mikono ya Pegg juu ya kizingiti cha dirisha, vidole vyote kumi.

Sakafu ya Dainton iliondoka wakati huo. Hakukuwa na mlipuko. Ukuta wa nyuma ulishuka wima, kama mtu anayekaa kitini, na nyumba ya Bi Tams ikaufuata, na baada ya hapo ulisikika mlio wa makopo yakianguka, mengi, kwa muda mrefu kuliko ilivyowezekana, mbali na mbali zaidi chini, kisha maji.

Wilf na wenzake ishirini waliitwa kutoka mgodini. Walishuka kwenye lile shimo kwa kamba kwa siku tatu. Walimwita Pegg kwa jina lake la kwanza, Cyril, ambalo mtaani hakuna aliyekuwa amelitumia. Siku ya pili mmoja wao alidhani amesikia kugonga, mara tatu na kimya, mara tatu na kimya. Siku ya tatu ardhi iliteleza tena na kuvunja bega la mtu, na mkaguzi wa migodi akaamuru watoke. Wilf alikataa, wakamvuta juu kwa nguvu. Wiki iliyofuata malori yalianza kumwaga mawe na taka za mgodi humo, mchana kutwa. Bwana Pegg yumo humo hadi leo. Ibada yake ilifanyika bila jeneza, na wanawake waliomcheka walikaa safu za mbele, kwa kuwa Rita aliwaambia wakae hapo.

Uchunguzi ulifanyika. Barua tatu za Lathbury zilisomwa, na barua ya Wilf pia, na ikasemwa kwamba hakuna aliyeweza kujua. Lathbury hakuwahi kusimamia duka tena. Dainton yenyewe iliendelea kwenye miji mingine kwa miaka kadhaa, kisha ikauzwa, ikabadilishwa jina, ikauzwa tena, na sasa ni mabingwa wa kukumbuka vya zamani tu wanaojua kwamba ilikuwepo.

Rita hakurudi kazini popote. Aliishi hadi miaka themanini na miwili na hakuacha kujiuliza kwa nini alimwombea Pegg ile kazi. Wilf alimwambia kwamba bila Pegg wangekufa mia, na yeye Rita akiwa wa kwanza. Alikubali kwamba ni kweli, lakini haikumsaidia. Bi Tams alihamia kwao, akalala chumba kimoja na Noreen miaka minne mpaka alipofariki, na katika miaka hiyo Noreen alijifunza kwake kupika chapati za shayiri. Alizipika na kuziuza katika mji mwingine, maili sita kutoka pale, kwa miaka thelathini na minane. Aliolewa, akazaa wana wawili, akawazika wazazi wake. Ukimwuliza habari zake atakwambia alikuwa na maisha ya kawaida.

Mwaka aliofunga biashara yake alirudi Cobshurst kwa basi. Mfereji umefukiwa. Pale pa Dainton pameoteshwa majani, na katikati ya majani mji umeweka bembea nne, mteremko wa kutelezea na mchanga wa kuchezea. Noreen alisimama ukingoni bila kukanyaga. Aliona kwamba majani yana bonde dogo, si kubwa, kama alama ya kichwa kwenye mto wa kulalia, na maji ya mvua ya jana yalikuwa bado yamekaa hapo.

Aliandika barua kwa mji. Alijibiwa kwamba mahali hapo palipimwa na panafaa. Aliandika ya pili, akachora picha ya bonde, akapima upana wake kwa hatua. Hajajibiwa. Alasiri za siku za shule hupanda basi, huketi kwenye benchi nje ya uzio, mkoba magotini, na kuwatazama watoto wakibembea. Akina mama wamemzoea, humsalimu, wengine humwuliza kama anamsubiri mjukuu. Yeye husema ndiyo, kwa sababu ni rahisi kuliko kueleza. Huondoka mtoto wa mwisho anapoitwa nyumbani.